Furaha Haingoji Mwisho wa Mwezi

Wengi wetu tulio wafanyakazi tumezoea kuiwekea furaha tarehe. Tunaingoja mwisho wa mwezi, tunaingoja siku ya kupandishwa cheo, tunaingoja nyongeza ya mshahara, au siku ile nyumba itakapoezekwa. Siku hizo zikifika tunashangilia, tunanunua nyama na soda, tunawaita jamaa na jirani. Baada ya wiki mbili tunajikuta pale pale tulipokuwa, mfuko mtupu na moyo mzito, tukihesabu siku upya. Si vibaya kuushangilia mshahara, kwani aliyetoka jasho ana haki ya kula jasho lake. Lakini yafaa tujiulize: je, furaha ya mwaka mzima yaweza kuenea katika siku 12 za mishahara? Na zile siku 353 zinazobaki ni za nani?

Leo twapenda kuzungumza na wasomaji wetu juu ya jambo ambalo huenda likaonekana dogo likiwekwa kando ya mambo mengine yanayojadiliwa katika ukurasa huu. Jambo lenyewe ni chungu cha nyumbani: kinapikwa nini ndani yake, kinapikwa vipi, anakipika nani, na kinaliwa pamoja na nani. Hoja yetu ni kwamba furaha ya mtu hujengwa zaidi na mambo anayoyarudia kila siku kuliko mambo yanayomtokea mara moja kwa mwaka. Na katika yote ayarudiayo mwanadamu, hakuna analolirudia kwa uaminifu kama kula. Basi mwenye kutaka kuiweka furaha mahali pa kudumu, jikoni ni mahali pema pa kuanzia.

FEDHA NA FURAHA

Wako watakaosema, "Nipeni fedha kwanza, furaha nitaitafuta mwenyewe." Neno hili lina ukweli ndani yake, wala hatuna nia ya kulidharau. Mtu asiye na kodi ya chumba wala sare za watoto hawezi kuhubiriwa furaha akasikiliza. Walakini wataalamu wa elimu ya nafsi, yaani saikolojia, wamelipima neno hili kwa miaka mingi, na majibu yao yafaa yajulikane.

Mwaka 1978 wataalamu watatu wa Marekani, Philip Brickman, Dan Coates na Ronnie Janoff-Bulman, walitoa habari za uchunguzi wao juu ya watu 22 waliokuwa wamepata fedha nyingi kwa bahati nasibu. Waliwalinganisha na watu wengine 22 wakazi wa sehemu zile zile ambao hawakupata kitu. Ilionekana kwamba wale matajiri wapya hawakuwazidi wenzao kwa furaha kwa kiasi cha kutajika. Tena, wenyewe walisema kwamba walipata raha ndogo zaidi katika mambo ya kawaida ya kila siku, kama vile kuzungumza na rafiki au kula chakula cha asubuhi. Bahati kubwa iliwafanya mambo madogo yapoteze ladha.

Watu 22 ni wachache, na ingekuwa makosa kuishia hapo. Uchunguzi mwingine wa watu wengi zaidi, uliofanywa Sweden na kuchapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba waliopata fedha nyingi kwa bahati nasibu waliridhika zaidi na maisha yao hata baada ya miaka zaidi ya kumi. Lakini athari ya fedha hizo katika furaha ya kila siku na katika afya ya akili ilikuwa ndogo kuliko athari yake katika kuridhika. Kwa maneno mengine, fedha humwezesha mtu kuyatazama maisha yake akasema, "Sasa nina unafuu." Haimwamshi kila asubuhi na kumwambia acheke.

Kwa hiyo tusidanganyane. Mshahara wa haki ni jambo la kudaiwa, na yule anayemwambia mfanyakazi aridhike na ujira mdogo kwa kuwa eti furaha haitokani na fedha, anamdhulumu mara mbili. Tunachosema sisi ni kwamba hata mshahara wa haki ukipatikana, bado kuna kazi ambayo mshahara hauwezi kuifanya.

Kazi hiyo ni ya namna gani? Huko huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Harvard, ulianzishwa mwaka 1938 uchunguzi wa kufuatilia maisha ya watu tangu ujana wao hadi uzee. Ulihusisha wanaume 724, baadhi yao wanafunzi wa chuo hicho, na wengi wao vijana wa mitaa maskini ya mji wa Boston. Uchunguzi huo umedumu kwa zaidi ya miaka 80, na neno kubwa lililotoka humo ni kwamba waliozeeka na afya njema na furaha ni wale waliokuwa na uhusiano mwema na watu: mke, watoto, ndugu, rafiki, jirani. Sasa tuulizane: katika nyumba ya mfanyakazi anayetoka alfajiri na kurudi jioni, ni wapi anapokutana na watu wake kila siku bila kukosa? Aghalabu ni mahali pamoja tu, napo ni penye sinia.

MAZOEA: BWANA AU MTUMISHI?

Wahenga walisema kwamba mazoea yana taabu, na tena wakasema mchovya asali hachovyi mara moja. Walijua kwamba jambo likisharudiwa huanza kumwongoza mtu badala ya mtu kuliongoza. Mwaka 1890 mwanafalsafa na mtaalamu wa saikolojia William James aliandika sura nzima juu ya mazoea katika kitabu chake kikubwa, akaeleza kwamba mazoea humpunguzia mtu kazi ya kufikiri. Anayejifunza kuendesha baiskeli hufikiri kila anapokanyaga. Aliyezoea huzungumza na mwenzake huku akienda.

Ni kiasi gani cha maisha yetu kinachotawaliwa na mazoea? Mwaka 2002 Wendy Wood na wenzake wawili walieleza jinsi walivyowataka wanafunzi waandike kila saa walichokuwa wakifanya na walichokuwa wakifikiri. Takriban matendo 43 katika kila 100 yalikuwa mambo waliyoyafanya karibu kila siku, mahali pale pale, na mara nyingi huku fikira zao ziko kwingine. Basi karibu nusu ya siku ya mtu inapita bila yeye kuamua. Jambo hili si la kutisha mazoea yakiwa mema. Yakiwa mabaya, ni sawa na kumkabidhi mlevi usukani wa basi.

Mazoea yana viungo vitatu: ishara inayoamsha, kitendo kinachofuata, na malipo yanayomfanya mtu arudie. Tumtazame mfanyakazi anayetoka zamu ya jioni, tumbo likiunguruma. Njiani iko meza ya chipsi. Harufu ya mafuta ni ishara, kununua chipsi mayai na soda ni kitendo, na shibe ya haraka pamoja na utamu ni malipo. Baada ya miezi miwili hakai tena akaamua. Miguu humpeleka yenyewe. Kumwambia mtu huyo kwamba chipsi za kila siku si njema kwa afya hakumsaidii sana, kwani anajua. Kitakachomsaidia ni kubadilisha ishara au kumpa kitendo kingine chenye malipo yaliyo sawa: apite njia nyingine, au ajue kwa hakika kwamba nyumbani kuna maharage yaliyokwisha iva yanayongoja kupashwa moto.

Hapa ndipo wengi hushindwa, kwa sababu hudhani kwamba mazoea mapya hupatikana kwa siku chache za ukali. Huanza Jumatatu kwa kishindo na huacha Alhamisi kwa aibu. Yafaa wajue habari ya uchunguzi uliofanywa London na Phillippa Lally na wenzake, uliochapishwa mwaka 2010. Watu 96 walichagua kila mmoja jambo moja dogo la kula, kunywa au mazoezi ya mwili, wakalifunga kwenye wakati maalumu, kama vile kula tunda pamoja na chakula cha mchana, wakalifuata kwa wiki 12. Kwa kawaida ilichukua siku 66 jambo hilo kuwa mazoea kamili. Wengine walihesabiwa siku 18 tu, na wengine siku 254. Na jambo la kutia moyo kuliko yote ni hili: kukosa siku moja hakukuharibu kazi iliyokwisha fanywa. Aliyeteleza jana hana sababu ya kulala chini leo.

TUMBO NA MOYO

Huenda msomaji akauliza, je, chakula chenyewe chahusu nini na furaha? Je, si kazi ya chakula kushibisha tu?

Kati ya Novemba 1944 na Desemba 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mtaalamu Ancel Keys aliwachunguza vijana 36 waliojitolea kupunguziwa chakula ili ijulikane namna bora ya kuwasaidia watu waliokumbwa na njaa ya vita. Kwa wiki 24 walilishwa karibu nusu ya walichohitaji. Walikonda, hilo lilitazamiwa. Ambalo wengi hawakulitazamia ni yaliyoipata mioyo yao. Vijana waliokuwa wachangamfu wakawa wazito na wakali, wakajitenga na rafiki zao, wakapoteza hamu ya masomo na mazungumzo, wakawaza chakula mchana na usiku, hata wengine wakawa wanasoma vitabu vya upishi kama watu wanaosoma hadithi. Tabia zao hazikuharibika kwa malezi mabaya. Ziliharibiwa na njaa. Wazee wetu waliposema mwenye njaa hana miiko, walikuwa wamekwisha kuliona jambo hili bila ya maabara. Msimamizi anayemwona kijana wa kazi amenuna saa nane mchana na kumwita mvivu, angefanya vyema kumwuliza kwanza amekula nini tangu asubuhi.

Hiyo ni njaa ya kukosa. Lakini iko pia njaa iliyofichwa na shibe, ambapo tumbo limejaa wanga, mafuta na sukari, na mwili haukupata ulichohitaji. Mwaka 2017 Felice Jacka na wenzake wa Australia walichapisha habari za watu 67 waliokuwa na ugonjwa wa sonona, wengi wao wakiwa tayari wanapata matibabu mengine. Nusu walisaidiwa na mtaalamu wa lishe wabadili vyakula vyao: mboga, matunda, jamii ya maharage, nafaka zisizokobolewa na samaki viongezwe, na vitu vitamu, vya kukaanga na vya viwandani vipunguzwe. Nusu ya pili walipewa mtu wa kuzungumza nao kirafiki kwa muda ule ule. Baada ya wiki 12, watu 32 katika kila 100 wa kundi la kwanza walikuwa wamepata nafuu kiasi cha kutohesabiwa tena kuwa na ugonjwa ule. Katika kundi la pili walikuwa 8 katika kila 100. Na chakula kile kipya hakikuwa ghali kuliko kile walichokuwa wakila awali.

Huko huko Australia, watu zaidi ya 12,000 walifuatiliwa kwa miaka kadhaa, na habari zao zikachapishwa mwaka 2016 na Redzo Mujcic na Andrew Oswald. Walioongeza mboga na matunda katika chakula chao walionekana kuongezeka furaha na kuridhika katika muda wa miaka miwili. Uchunguzi wa namna hiyo hautoshi peke yake kuthibitisha kwamba mboga ndizo zilizoleta furaha. Lakini ukiuweka pamoja na ule wa Jacka, maana yake inaanza kuonekana.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba sahani ya mchicha huondoa huzuni ya msiba, wala hatusemi kwamba mgonjwa wa sonona aache dawa akapike. Sonona ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa, na mwenye nao apelekwe hospitali bila kuonewa haya. Tunasema kwamba mwili na moyo hula sahani moja.

KATIKA CHUNGU CHENYEWE

Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Tanzania mwaka 2012 ulionyesha kwamba katika watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64, takriban 26 katika kila 100 walikuwa na shinikizo la juu la damu, na kwamba 97 katika kila 100 hawakufikia kiasi cha mboga na matunda kinachoshauriwa kwa siku. Habari hii ya pili ni ya ajabu katika nchi yenye mchicha, matembele, kisamvu, mlenda, majani ya maboga na majani ya kunde. Nchi ambayo embe na papai huozea chini ya miti katika msimu wake. Hatukukosa chakula chema. Tumekosa mazoea yake. Mtu anaona haya kuonekana na kikapu cha matembele, bali anajivuna na chupa ya soda.

Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na chumvi isizidi gramu 5, ambazo ni chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai. Kijiko hicho kimoja ni cha siku nzima, pamoja na chumvi iliyomo ndani ya mkate, dagaa wa chumvi na vidonge vya kuungia mchuzi. Mwenye kunyunyiza chumvi mezani kabla hajaonja amekwisha kuishi katika mazoea tuliyoyataja.

Sasa twende kwenye mambo yenyewe. Ugali wa dona una shibe ya muda mrefu na virutubisho vingi kuliko ugali wa sembe nyeupe, kwani mashine inayokoboa huondoa kiini na pumba, na humo ndimo zilimo sehemu kubwa ya vitamini na nyuzinyuzi. Lakini dona itokane na mahindi makavu yaliyochambuliwa. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, ambayo ni sumu ya ukungu wa nafaka, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Punje yenye ukungu isisagwe, wala asipewe kuku.

Maharage, choroko, kunde na mbaazi ni nyama ya mwenye mshahara mdogo. Yakilowekwa usiku, maji yale yakamwagwa asubuhi, huiva upesi na hutumia mkaa mchache. Yakikamuliwa ndimu wakati wa kula, au yakifuatwa na chungwa, mwili huchukua zaidi madini ya chuma yaliyomo. Chai, kinyume chake, huyazuia madini hayo. Kwa hiyo kikombe cha chai kingoje saa moja hivi baada ya chakula, hasa kwa mama mjamzito na msichana anayekua.

Mboga za majani zioshwe kabla ya kukatwa, si baada. Zipikwe kwa maji machache na kwa muda mfupi, na maji yake yasimwagwe, kwani humwagwa pamoja na vitamini. Kisamvu peke yake hakimo katika sheria hii: lazima kitwangwe na kuchemshwa sana ili sumu yake ya asili iishe. Kijiko cha mafuta au tui kidogo katika mboga hakina ubaya, bali husaidia mwili kuipokea vitamini A. Kibaya ni mafuta yanayoelea, na mafuta yaliyokaangiwa leo, kesho na kesho kutwa hata yakawa meusi.

Msomaji ataona kwamba hatukutaja hapa kitu hata kimoja cha duka kubwa la mjini. Vyote vimo katika soko la mtaa.

MZIGO HUU NI WA NANI?

Tukifika hapa yatupasa kusema neno ambalo baadhi ya wanaume hawatalipenda. Ni rahisi sana kwa mtu aliyekaa kitini kusifu chakula cha nyumbani ambacho mtu mwingine amekipika. Maharage hayalowi yenyewe wala mchicha haujichambui. Katika nyumba nyingi mke naye huamka kwenda kazini, sokoni au shambani, na jioni huanza zamu ya pili mbele ya moshi wa mkaa ilhali mume anasikiliza taarifa ya habari. Ikiwa chakula chema cha nyumbani maana yake ni kumwongezea mama saa mbili za uchovu, basi hatukujenga furaha. Tumeihamisha tu kutoka moyo mmoja kwenda mwingine.

Historia yetu ina fundisho juu ya jambo hili. Mwaka 1983, kwa msaada wa UNICEF na Shirika la Afya Duniani, ulianzishwa mpango wa lishe katika vijiji 168 vya Mkoa wa Iringa, ambao wakati huo ulijumuisha na Njombe ya leo. Watoto walipimwa uzito kila baada ya miezi mitatu, na wanakijiji wenyewe wakakaa kujadili kwa nini huyu amekonda na huyu amenawiri. Mara nyingi jibu halikuwa kwamba nyumba haina mahindi. Jibu lilikuwa kwamba mtoto analishwa mara chache mno kwa siku, kwa kuwa mama yuko kazini tangu alfajiri na hana wa kumsaidia, na uji wenyewe ni mzito, tumbo dogo halimalizi. Ndipo ukatiliwa mkazo utumiaji wa kimea, ambao ukitiwa kidogo katika uji huulainisha na kumwezesha mtoto kunywa wa kutosha. Na ndipo ulezi wa mtoto ukajadiliwa hadharani kama jambo la kijiji kizima, si la mama peke yake. Utapiamlo mkali ulipungua sana katika vijiji hivyo.

Kabla ya hapo nchi ilikuwa imekwisha onyesha kwamba mazoea hubadilishwa vizuri zaidi na watu walio pamoja. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, karibu watu milioni mbili walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma, wakajadili, kisha wakatoka kwenda kufanya walichokubaliana: kuchimba vyoo, kufyeka vichaka, kuchemsha maji. Kampeni ya Chakula ni Uhai ikafuata mwaka 1975. Mtu mmoja akiazimia peke yake huchoka. Watu kumi wakiazimia pamoja huoneana haya kuacha.

Kwa hiyo mwanamume aliye mtu wa vitendo ashike upawa. Kuna aibu gani kuchambua maharage huku unazungumza na mkeo habari za siku? Watoto, wa kiume kwa wa kike, wafundishwe kuosha mboga na kusonga ugali kama wanavyofundishwa kusoma. Mtoto aliyeshika mwiko mwenyewe hula kwa hamu alichokipika, na saa ile ya jikoni, ambayo zamani ilikuwa mzigo wa mtu mmoja, hugeuka kuwa baraza ya nyumba.

WAJIBU WA WENGINE

Wala jambo hili lisiachiwe nyumba peke yake. Mfanyakazi anayepewa nusu saa ya kula, mahali pasipo kivuli wala maji ya kunawa, hawezi kulaumiwa kwa kula andazi na soda akiwa amesimama. Waajiri wajue kwamba chakula cha mchana ni sehemu ya uzalishaji. Matawi ya vyama vya wafanyakazi yaweza kuliweka jambo hili katika madai yao: muda wa kutosha, mahali safi, na mapatano na mama lishe wa jirani wapike wali au ugali pamoja na maharage, mboga na tunda kwa bei inayolipika. Mama lishe ni mpishi wa taifa zima la mijini. Akipunguza chumvi na kuongeza mboga, amewatibu watu mia kabla ya saa tisa.

Vivyo hivyo kuhusu moshi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, inayotokana hasa na kuni, mkaa na mafuta ya taa, iliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Mkakati wa Tanzania uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Lengo hilo ni jema, na litapimwa kwa bei ya gesi na umeme katika nyumba ya mwenye kipato kidogo, kwani jiko jipya lisilo na cha kuliwasha ni pambo la kona.

JAMBO MOJA KWANZA

Tunawaomba wasomaji wetu wasijaribu kuyatimiza haya yote kwa pamoja. Kila nyumba ichague jambo moja, dogo kiasi kwamba mtu aliyechoka ataliweza, nalo lifungwe kwenye jambo jingine linalofanyika kila siku bila kusahaulika. Baada ya kufunga mlango usiku, maharage yatiwe maji. Kabla ya kuketi, kila mtu apate kipande cha tunda. Anapofika wa mwisho nyumbani, simu zote ziwekwe kando mpaka sinia liishe. Jambo hilo moja lifuatwe kwa siku 66, na ikibidi kwa siku 254, na siku moja ikikosekana isitangazwe matanga. Likishakuwa mazoea, litafutwe la pili.

Mshahara utakuja na utakwisha, kama ulivyofanya mwezi uliopita. Lakini nyumba iliyojizoeza hivyo itakuwa na jambo la kulitazamia hata tarehe 17 ya mwezi, wakati mfuko umekauka: chungu cha kunde kinachochemka, watu wake wote wamekaa, na mazungumzo hayajakwisha. Haba na haba, wazee walisema, hujaza kibaba. Nacho kibaba, tangu zamani, ni kipimo cha chakula.